Kiingereza cha Wakati wa Maswali

Kozi nyingi za Kiingereza cha kazini humfundisha mtu kufungua wasilisho. Huambiwa aseme "Good morning, ladies and gentlemen", kisha "Today I would like to talk about", kisha ataje sehemu tatu za mada yake, na mwisho awashukuru waliomsikiliza. Maneno hayo hayana ubaya, ila yanalinda sehemu ambayo haikuwa na hatari tangu mwanzo. Ufunguzi huandikwa nyumbani, husomwa mbele ya rafiki, hukaririwa ndani ya matatu ya 46 kuelekea mjini. Hatari huanza slaidi ya mwisho inapokwisha na mtu wa safu ya mbele akainua mkono. Hoja yangu ni kwamba mkazi wa mtaa wa Kawangware jijini Nairobi mwenye siku chache za kujiandaa azitumie karibu zote kwa Kiingereza cha kujibu maswali, na ufunguzi auache uwe wa kawaida kabisa.

Tazama kazi ya mhudumu wa afya ya jamii wa Gatina au Kabiro, huko huko Kawangware. Huenda amezoea kuwasilisha kuliko mameneja wengi wa Upper Hill. Mpango wa afya ya jamii ulioanzishwa na Wizara ya Afya mwaka 2006 ulileta daftari la kaya, fomu MOH 513, na ubao wa chaki, MOH 516, ambapo hesabu za mtaa huandikwa ili wakazi wazione na kuzijadili. Tangu 2023 simu imechukua sehemu kubwa ya kazi ya daftari, lakini kazi ya kueleza imebaki ile ile. Mhudumu husimama mbele ya majirani, huwaambia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng ni watoto wangapi hawajapata chanjo, na mama mmoja akibisha, humjibu papo hapo. Takwimu zizo hizo zikipelekwa kwa mfadhili kwenye ukumbi wa hoteli kule Lavington, ng'ambo tu ya barabara, lugha hubadilika. Swali huja, yeye hunyamaza akitafuta maneno, na kimya hicho waliomkabili hukisoma kuwa ni dalili ya kutoijua kazi.

Kimya hicho kina sababu inayojulikana. Mwaka 1983 Andrew Pawley na Frances Syder waliandika kwamba ufasaha wa mzungumzaji asilia hautokani na kuunda kila sentensi upya. Akili inapozungumza haiwezi kupanga maneno mapya mbali sana mbele, hivyo hutegemea akiba kubwa ya vifungu vilivyokwisha kuundwa, ambavyo huchomolewa vikiwa vizima. Ikiwa ndivyo, vifungu vya kukariri vina thamani kubwa zaidi pale ambapo muda wa kufikiri ni mdogo zaidi, yaani wakati wa maswali. Kuvimalizia vyote kwenye ufunguzi ni kuvitumia pale visipohitajika.

Atatokea wa kusema kwamba kukariri ni ukasuku. Lakini hata sisi kwa Kiswahili hatubuni upya "kwa mujibu wa", "tukirudi kwenye hoja yetu" au "hilo nalo ni suala jingine" kila tunapozungumza. Kasuku ni yule anayekariri yaliyomo: hesabu asizozielewa, matokeo asiyoyaona. Anayekariri viungio tu amejipa nafasi ya kuyafikiria yaliyomo.

Viungio vyenyewe si vingi. Kuna cha kuhakikisha swali: "Let me check that I have understood you. Are you asking about the whole sub-county, or only Gatina?" Hiki humpa msemaji sekunde kadhaa, lakini faida yake kubwa ni nyingine. Maswali ya wafadhili mara nyingi ni mapana kuliko kazi iliyofanyika, na msemaji ana haki ya kuyapunguza kabla ya kuyajibu. Wengi badala yake husema "Thank you for that great question", na wakiyarudia maneno hayo kwa kila anayeuliza huonekana kama wanaogawa peremende. Kuna cha kuweka mpaka: "Our figures cover only the households we visited." Kuna cha kukiri upungufu na kuufungia siku: "I don't have that number with me. I will send it to you by Friday." Hiyo Ijumaa ndiyo yenye uzito, ikiondolewa, linalobaki ni kukiri kutojua.

Kuna pia kiungio cha kutaja chanzo, na umuhimu wake unaonekana vizuri katika mtaa wa Kibera. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba wakazi wake ni milioni moja au zaidi, na idadi hiyo ikaingia katika ripoti na hotuba nyingi. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Wapo wanaoamini kuwa sensa iliwakosa wengi, na mjadala huo una haki ya kuendelea, lakini anayesimama ukumbini akataja milioni bila chanzo atakamatwa na msikilizaji wa kwanza aliyejisomea. "According to the 2009 census" ni kauli kavu isiyo na madoido, nayo humkinga msemaji kuliko kauli yoyote ya kusisimua. Akiifuatisha na "other estimates are higher, because", amejibu swali hata kabla halijaulizwa.

Kuna mtego mwingine ambao vitabu vilivyoandikwa London havina sababu ya kuutaja, nao ni swali la kukanusha. Kwa Kiswahili, aliyeulizwa "Hamkupima maji?" naye hakupima, hujibu "Ndiyo, hatukupima", maana anaafikiana na kauli ya muulizaji. Mwingereza akiulizwa "You didn't test the water?" hujibu "No", kwa kuwa analitazama tendo. Wanaisimu, akiwemo Josef Schmied, wameieleza tofauti hii katika Kiingereza cha Afrika Mashariki. Wakenya wawili wataelewana bila shida. Mgeni akiwa ndiye muulizaji, "Yes" moja inaweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba maji yalipimwa, na miezi mitatu baadaye matokeo yatadaiwa. Dawa yake ni kutojibu kamwe kwa neno moja: "No, we did not test it."

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata vifungu viwe vingi vipi, wasikilizaji huhukumu lafudhi. Hili lina ushahidi. Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2010 kwamba watu huziona kauli kuwa si za kweli sana zinaposemwa kwa lafudhi ya kigeni, hata wanapojua kwamba msemaji anasoma tu maneno aliyopewa na mtu mwingine. Maelezo yao ni kwamba kinachochosha masikio hupunguziwa imani. Dhuluma hiyo haitaondolewa na mtu wa Kawangware peke yake. Hata hivyo, kama kiini chake ni uzito wa kusikiliza, nakisia kwamba vifungu ambavyo msikilizaji amevizoea humpunguzia mzigo, sawa na tarakimu zilizoandikwa kubwa kwenye slaidi na sentensi fupi. Kuigiza lafudhi ya Kimarekani huleta kinyume chake, maana humla msemaji nguvu ambazo angezitumia kufikiri.

Na kwa nini Kiingereza kabisa? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katika ofisi ya kaunti ndogo, mbele ya maafisa ambao wote wanakijua Kiswahili, kulazimisha takwimu za Kabiro zielezwe kwa Kiingereza ni mazoea tu, na wa kuyavunja ni afisa anayeendesha kikao kuliko mhudumu anayeogopa kupoteza kandarasi. Mbele ya mfadhili kutoka nje jambo ni tofauti, kwa sababu yeye ndiye asiyeelewa. Hata hapo, kwenye orodha ya kukariri ningeongeza "May I answer this one in Kiswahili? My colleague will interpret." Kauli hiyo inahitaji mwenzake msemaji awe ameketi karibu, amezisoma takwimu zilezile, na wawe wamepatana kabla ya kikao nani atatafsiri.