Hedi haifungwi kwa misuli
Swali ni lile lile, kuanzia gereji za Chepilat hadi Litein: maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, je, bolti za hedi zikazwe zaidi ili gasketi iache kuvuja? Hapana. Gasketi iliyoungua haiponi kwa kukazwa, hata mpini wa spana ukivishwa bomba la urefu gani. Wanaopenda bomba hilo hudhani ugumu unaosikika mkononi ndio ubanaji. Sivyo. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya mkono humezwa na msuguano kwenye hesi na chini ya kichwa cha bolti, kwa hiyo bolti yenye kutu hukataa mapema, fundi akaridhika, kumbe hedi haijabanwa. Kinachobana ni bolti kurefuka kidogo na kutaka kurudi, kama mpira wa manati. Ikivutwa kupita kiasi hubaki imerefuka, na kinachofuata ni kukatika au kung'oa hesi za bloku. Chukua injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye Probox nyingi: hatua ya kwanza ni Newton-mita 29, yaani takriban kilo 10 mwishoni mwa spana ya sentimita 30, halafu kuizungusha bolti nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Bomba linaingia wapi hapo?

Watasema wazee walikaza kwa mkono na injini zikadumu. Nyingi zilikuwa na hedi ya chuma juu ya bloku ya chuma, vikatanuka pamoja. Hedi nyingi za sasa ni za aluminiamu, nayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo gari likipanda mlima na mzigo wa majani chai, hedi yenyewe huzidi kuzivuta bolti. Zilizomalizwa nguvu zikiwa baridi hazina pa kwenda.

Basi fungua, pima unyofu wa hedi kwa rula ya chuma, weka gasketi mpya. Bolti za kukazwa kwa nyuzi zipimwe urefu au zibadilishwe; mbadala uwe na alama ile ile kichwani, na 8.8 isikae penye 10.9. Kausha matundu, kwani oili iliyotuama humo hupasua bloku. Paka tone la oili kwenye hesi iwapo kitabu cha injini kinasema hivyo, kisha kaza kwa awamu, ukianzia katikati kwenda pembeni. Spana ya kupimia nguvu ikikosekana, iazimwe. Isipopatikana, hedi isifungwe siku hiyo.