Toleo Kutoka na Tovuti Kuhuishwa: Juu ya Uchaguzi wa Tukio

Mtengenezaji wa programu atoapo toleo jipya, hubakiwa na kazi ya pili: kuihuisha tovuti inayoeleza matumizi yake. Kazi hiyo ikiachwa mikononi mwa mtu, husahaulika. Msomaji hufuata maelezo yaliyokwisha pitwa na wakati, pengine hata kupakua toleo lenye kasoro ya usalama ambayo imekwisha rekebishwa. Ndiyo maana GitHub, inamohifadhiwa misimbo ya programu nyingi, ina mtambo wa kuianzisha kazi hiyo pasipo mkono wa mtu. Mtambo huo huitwa Actions, nao ulifunguliwa kwa wote Novemba 2019.

Huongozwa na faili la maagizo lililomo katika kabrasha la .github/workflows. Humo hutajwa tukio, yaani jambo ambalo likitokea ndipo kazi ianze. Hapo wengi hukosea, na kosa lenyewe ni la maana ya maneno kuliko la ufundi. Kwa Kiswahili toleo «limetoka», basi; GitHub hutenganisha hali zaidi ya moja. «Created» ni toleo kuundwa, lakini likiwa rasimu mtambo haushtuki. «Published» ni toleo kuwekwa hadharani, liwe kamili au la majaribio. «Released» ni toleo kamili kuwekwa hadharani, au la majaribio kupandishwa daraja. Tovuti ya watumiaji wa kawaida yafaa ishike neno hili la mwisho, isije ikawafundisha mambo yanayojaribiwa bado.

Hata hivyo, neno sahihi halitoshi. Toleo likiundwa na mtambo wenyewe kwa ufunguo wake wa ndani, GITHUB_TOKEN, tukio hilo halianzishi kazi nyingine. Sheria hiyo iliwekwa makusudi, ili kazi zisizaane bila kikomo. Ubaya wake ni ukimya: hakuna ujumbe wa kosa, tovuti hubaki ya jana, na mwenye programu hudhani mambo yamekwenda vema. Njia nyepesi ni kuziweka hatua zote mbili, ya kutoa toleo na ya kuchapisha tovuti, katika faili moja. Njia nyingine ni kuliita faili la pili kwa tukio la «workflow_dispatch», lililosamehewa sheria hiyo tangu 2022.

Kizuizi kingine angalau hujitangaza. Kazi iliyoanzishwa na toleo huendeshwa kwa jina la lebo, tuseme v2.1, wala si la tawi kuu. Huduma ya GitHub Pages kwa kawaida yake hulikubali tawi kuu peke yake. Lebo hukataliwa mpaka iongezwe katika kanuni za mazingira ya «github-pages», kwa mfano kwa kuandika v*.

Tena, faili la maagizo linalosomwa ni lile lililokuwamo lebo ilipowekwa. Anayelisahihisha leo katika tawi kuu, kisha akaitolea toleo lebo ya zamani, atatekelezewa maagizo ya zamani.