Je, Wajua? Dumu la Maji na Bei Yake, Kutoka Tarime Hadi Mugumu

Je, wajua kwamba uniti moja ya maji kwenye bili yako ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20? Ishike hesabu hiyo kichwani, maana mengi yanayofuata hapa yanaitegemea.

Je, wajua kwamba asiye na bomba nyumbani ndiye anayelipia maji ghali kuliko wote? Piga hesabu mwenyewe. Dumu likiuzwa shilingi 50 kwenye gati la kuchotea maji, uniti moja imekugharimu shilingi 2,500. Dumu hilohilo kijana wa bodaboda akikuletea mlangoni kwa shilingi 500 wakati wa kiangazi, uniti imefika shilingi 25,000. Hakuna mamlaka ya maji inayoweza kupeleka bei ya namna hiyo kwa mdhibiti na kukubaliwa. Lakini bei ya bodaboda haiendi kwa mdhibiti yeyote. Inapangwa na kiangazi, umbali na shida ya mama ambaye mtoto wake anasubiri uji.

Kaa asubuhi moja karibu na gati lolote la mjini utaliona jambo hili kwa macho. Madumu ya njano yamepangwa foleni kabla wenyewe hawajafika, mengine yamefungwa kitambaa cha rangi yasije yakapotea. Msimamizi wa gati ana daftari la mistari na kalamu, anaweka alama kwa kila dumu. Mita iliyo kwenye kiboksi cha zege pembeni yake ndiyo inayomhesabu yeye. Jioni alama za daftari zisipolingana na namba za mita, tofauti inatoka mfukoni mwake. Ndiyo maana humwagi maji pale ukaondoka bila kusemwa.

Je, wajua nani anapanga bei ya maji ya mjini? Si diwani, si mkuu wa wilaya, wala si meneja wa mamlaka ya maji. Kwa sheria, bei za mamlaka za maji huidhinishwa na EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Mamlaka ya maji hupendekeza tu. Inaandika maombi, inaambatanisha mpango wa biashara na hesabu za miaka iliyopita, kisha inaeleza kwa nini inataka bei ipande na fedha zitafanya kazi gani.

Je, wajua kwamba kabla bei haijabadilika, sheria inataka wananchi wasikilizwe? Kikao hicho kinaitwa mkutano wa taftishi. Hutangazwa hadharani na hufanyika katika eneo ambalo bei itatumika. Kwenye viti vya mbele huketi wataalamu wa EWURA. Mamlaka ya maji hueleza maombi yake, kisha Baraza la Ushauri la Watumiaji, linalojulikana kama EWURA CCC, husema kwa niaba yako. Baada ya hapo kipaza sauti kinakuja kwako. Unaweza pia kuandika maoni na kuyawasilisha kwa maandishi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mikutano hii mara nyingi hujaa viongozi wa mitaa na watumishi, huku wanunuzi wa maji wakiwa sokoni, shambani au kwenye foleni ileile ya gati. Anayefika naye husimama na kusema maisha ni magumu. Ni kweli, maisha ni magumu, lakini neno hilo peke yake halibadilishi namba kwenye maombi. Linalobadilisha namba ni swali. Kati ya maji mliyozalisha mwaka jana, kiasi gani kilipotea kabla ya kufika kwa mteja? Taasisi za umma zinadaiwa kiasi gani, na mnazidai vipi? Wateja wangapi hawana mita inayofanya kazi na wanakadiriwa? Nyongeza iliyopita mliahidi bomba jipya mtaa gani, na je, lipo?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Maji yanayozalishwa na kutibiwa lakini yasiingize hata senti huitwa upotevu wa maji. Yanavuja njiani, yanaibwa kwa maunganisho ya kinyemela, au yanapita kwenye mita iliyokufa. Kiwango ambacho EWURA hukiona kinavumilika ni asilimia 20. Wastani wa nchi umekuwa juu sana ya hapo, karibu theluthi ya maji yote au hata zaidi. Sasa fikiria mwenye duka anayepoteza magunia matatu katika kila kumi kabla ya kufungua mlango, kisha anapandisha bei ya yale saba yaliyobaki. Mteja ana haki ya kumuuliza kuhusu yale matatu kwanza.

Je, wajua kwamba bei ikishaidhinishwa mara nyingi hupangwa kwa kipindi cha miaka kadhaa, kwa kawaida mitatu, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali? Na kwamba asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani? Njia ipo. Wanaoipita ni wachache.

Je, wajua kwamba mji wa Tarime uko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500, na Ziwa Victoria kwa mita 1,134 hivi? Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 350 ni mlima, na maji hayapandi mlima bure. Kuinua uniti moja ya maji kimo hicho kunahitaji karibu uniti moja ya umeme, hata kama pampu ingekuwa kamilifu. Pampu kamilifu haijatengenezwa bado. Ukiongeza msuguano ndani ya bomba na nguvu inayopotea kwenye mota, utakuta ni uniti moja na nusu, pengine zaidi. Kwa hiyo mtu wa Tarime akinywa maji ya ziwa, anakunywa na umeme ndani yake. Hesabu hii si ya kubuni tu: mradi wa maji wa miji 28, uliotokana na mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India na ambao mikataba yake ya ujenzi ilisainiwa Juni 2022, umeitaja Tarime pamoja na Rorya, na Mugumu pia imo katika orodha. Wakati wa kusherehekea bomba kubwa ndio wakati wa kuuliza nani atalipa umeme wa kila mwezi.

Je, wajua kwamba mvua inaweza kuyafanya maji ya bomba yawe ghali zaidi? Mji wa Mugumu unategemea Bwawa la Manchira. Masika yakishika, maji yanaongezeka bwawani, lakini yanashuka na udongo wa mashamba na samadi ya malisho. Maji yenye tope hudai dawa zaidi ya kugandisha uchafu na klorini zaidi ya kuua vijidudu, na machujio huoshwa mara kwa mara kwa maji yaleyale yaliyokwisha kutibiwa. Mwananchi anaona bwawa limefurika na anajiuliza kwa nini bili haishuki. Jibu liko kwenye ghala la dawa. Nami naona mamlaka zetu zingeokoa fedha nyingi zaidi kwa kupanda miti kuzunguka bwawa kuliko kwa kununua dawa kila msimu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mita 60 ni zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa kiwanja cha mpira. Nenda kingo za mto wowote unaoujua, uhesabu hatua, utajua mwenyewe kama mahindi yameanzia pale yanapotakiwa kuanzia.

Je, wajua kwamba hata mamlaka ya maji nayo hulipia maji? Anayechukua maji mtoni au ziwani kwa matumizi makubwa anahitaji kibali na hulipa ada kwa bodi ya bonde. Kwa mkoa wetu wa Mara, ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Mwanza. Na Mto Mara wenyewe, wenye urefu wa kilomita 395 hivi, huanzia Kenya katika nyanda za juu za Mau, hupita Maasai Mara, huingia Serengeti, ndipo hufika ziwani kupitia vinamasi vya Masurura. Msitu ukikatwa Mau, tope hufika kwetu.

Je, wajua kwamba Tanzania ilikuwa na wakati wa maji ya bure vijijini? Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji ndani ya mita 400 kutoka kila kaya ifikapo 1991, kwa gharama yake. Ilikuwa ahadi njema na visima vingi vilichimbwa. Kisha mafuta yakapanda bei duniani, vipuri vikaadimika, na pampu nyingi zikanyamaza huku bomba likiwa bado jipya. Sera ya Maji ya 1991 ikaleta uchangiaji gharama, na ile ya 2002 ikasimamisha kwamba mtumiaji alipe ili mradi uishi. Ile mita 400 haikufutwa. Sera hiyo ya 2002 iliweka kipimo cha kijijini kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu wasiozidi 250.

Je, wajua kwamba bei ya kijijini ina njia yake tofauti? Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi Julai 2019. Chini yake kuna vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vilivyochukua nafasi ya kamati na jumuiya za watumia maji tulizozoea. Chombo hupendekeza bei, wanakijiji huijadili, na RUWASA huipitia.

Ndiyo maana vijiji viwili vilivyopakana vinaweza kuwa na bei mbili, na watu wakadhani wanaonewa. Chenye maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe kutoka chemchemi ya kilimani, hulipia ukarabati na mlinzi tu. Chenye pampu ya umeme wa jua hulipia zaidi, kwa sababu pampu itachoka siku moja na nyingine italazimika kununuliwa. Chenye jenereta ya dizeli ndicho kinachoumia, kwani kila lita ya mafuta inayopanda bei mjini inapanda na dumu kijijini. Milima ya Tarime imetupa chemchemi nyingi. Panapowezekana mserereko, pampu isubiri.

Je, wajua kwamba ng'ombe mmoja wa kienyeji hunywa lita 25 hivi kwa siku, sawa na kipimo cha sera ya 2002 kwa mtu mmoja? Zizi la ng'ombe 40 ni kama kaya nane za watu watano. Katika wilaya zetu, ambako ng'ombe ni mahari, akiba na heshima ya mji, mradi wa maji usiojengewa mbauti ya kunyweshea unajipunja mteja wake mkubwa. Mifugo itakwenda kunywa mahali fulani tu, na mara nyingi ni pale juu ya chanzo.

Kwa haraka, nje ya mkoa: Uganda, Shirika la Taifa la Maji hurekebisha bei kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei, umeme na thamani ya fedha za kigeni. Zanzibar maji yalikuwa bure kwa miaka mingi kabla mamlaka ya maji, ZAWA, haijaundwa kwa sheria ya 2006. Na Cochabamba, Bolivia, bei ilipandishwa ghafla mwanzoni mwa mwaka 2000 bila wananchi kuridhishwa. Mji ukasimama, na ilipofika Aprili mkataba wa kampuni ukavunjwa.

Je, wajua kwamba nyumba ya kupanga inaweza kulipishwa kama tajiri? Mahali ambapo bei hupanda kwa ngazi kadiri unavyotumia, wapangaji sita wanaotumia uniti tatu kila mmoja kwenye mita moja husomeka kama mteja mmoja wa uniti 18. Wanaingia ngazi ya juu ilhali kila chumba kimetumia kidogo. Hili nalo ni la kusema kwenye taftishi.

Na hili ulifanye leo usiku. Funga mabomba yote, mwambie kila mtu asiguse maji, kisha fungua kifuniko cha mita na umulike kwa tochi ya simu. Namba nyeusi ni uniti, namba nyekundu ni sehemu zake. Kuna kigurudumu kidogo, mara nyingi chenye umbo la nyota. Kikizunguka, hata polepole, maji yanavuja upande wako na wewe ndiye unayeyalipia. Kisipozunguka na bili bado haieleweki, andika namba za mita na tarehe kwenye karatasi, kila mwisho wa mwezi, kwa miezi mitatu.

Itunze karatasi hiyo pamoja na bili zako. Gari la matangazo likipita mtaani kwako, Tarime au Mugumu, likiita watu kwenye mkutano wa taftishi, nenda nayo, na umchukue pia jirani anayenunua maji kwa dumu.