Piko ya leo, aleji ya kesho: maabara zinavyoigundua bila mnyama

Harusi ikikaribia, msichana wa miaka saba hunyoosha mkono achorwe maua ya piko kama dada zake. Maua yanakauka, hakuna kinachowasha, na mama anaamini ngozi ya mwanawe imeikubali. Miaka kumi baadaye binti huyo anapaka rangi nyeusi ya nywele. Siku ya pili kichwa kinawasha, kope zinavimba hadi macho hayafunguki.

Kinachoweza kuunganisha matukio hayo mawili ni PPD, kemikali ya rangi za nywele ambayo huchanganywa kwenye piko ili ikolee haraka. Hina halisi ya majani hutoa rangi nyekundu au kahawia. Ikiwa nyeusi tii, kuna kilichoongezwa.

Mzio wa ngozi, au aleji kama wengi wanavyoiita, hujengwa kimyakimya. Kemikali hupenya na kunata kwenye protini za mwili. Seli za ngozi hutoa ishara ya hatari, seli za kinga hupeleka taarifa kwenye tezi za limfu, na huko mwili humkariri adui. Mara ya kwanza mzazi anaweza asione lolote.

Zamani, kujua kama kemikali ina tabia hiyo kulihitaji wanyama. Simbilisi walidungwa na kupakwa kemikali, kisha ngozi yao ikaangaliwa kama imekuwa nyekundu. Baadaye panya wadogo walipakwa masikioni kwa siku tatu, wakauawa ili tezi zao zipimwe.

Siku hizi maabara hunasa hatua moja moja ya mzio wenyewe. Kipimo cha kwanza hakina hata seli hai: kemikali huchanganywa na vipande vifupi vya protini, na baada ya saa 24 hupimwa ni vingapi vimenaswa. Cha pili hutumia seli za ngozi ya binadamu zilizotengenezwa zitoe mwanga zinaposhtuka. Cha tatu huangalia kama seli za damu ya binadamu zinaonyesha alama za kuamka kwa kinga. Viwili vikikubaliana, jibu linapokelewa. Utaratibu huo umo katika mwongozo namba 497 wa shirika la OECD, uliotolewa mwaka 2021. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshapiga marufuku tangu 2013 kuuza vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Lakini vipimo hivi huhukumu kemikali, si kikombe cha mchoraji. Ukali wa PPD unajulikana siku nyingi. Ulaya inairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapopakwa, haiiruhusu kuchorwa kwenye ngozi, na pakiti huonya kuwa rangi hizo si za walio chini ya miaka 16. Piko inayokorogwa kwa macho haina kipimo, na ngozi ya mtoto ndiyo inayojaribiwa.

Mzazi anaweza kuomba kuona pakiti kabla mkono haujachorwa. Herufi PPD, au neno refu “phenylenediamine”, zatosha kukataa. Mtoto akiwashwa au kutoka malengelenge, hata baada ya siku kadhaa, aoshwe na apelekwe hospitali, na daktari aambiwe kuhusu piko. Jambo hilo liandikwe kwenye kadi yake, kwa sababu atakapokwenda saluni akiwa mkubwa, atakutana na kemikali ileile.