Je, Wajua Kamera ya Kompyuta Inavyoona?

Chukua boksi la kamera ya kompyuta ya bei nafuu, zile zinazopangwa dukani karibu na mausi na kibodi, usome maandishi yake. Si ajabu kukuta limeandikwa megapikseli 12 au 16 kwa herufi kubwa za kung'aa, na pembeni, kwa herufi ndogo, 720p. Maandishi hayo mawili yanapingana. Video ya 720p ina pikseli 1,280 kwa upana na 720 kwa kimo. Zidisha, unapata 921,600: haijafika hata megapikseli moja. Hata ile ya 1080p, inayosifiwa kuwa HD kamili, ina pikseli 2,073,600, yaani megapikseli mbili na ushei. Kwa kamera ya bei hiyo, megapikseli nyingine zote zinazotajwa kwenye boksi kwa kawaida hutengenezwa na programu, inayochukua picha ndogo na kuivuta iwe kubwa. Kuivuta huko hakuongezi hata kope moja ambayo kamera haikuiona tangu mwanzo.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu watu wanapoteza fedha zao hapo. Usaili wa kazi sasa hufanyika mtandaoni, vipindi vya chuo vivyo hivyo, na kikao cha harusi kinaweza kuwa na mjomba aliyeko Muscat na shangazi aliyeko Minneapolis. Kompyuta nyingi za mezani, hasa zile zilizotumika, haziji na kamera. Lazima ununue, na kwa kawaida unanunua kwa fedha iliyopatikana kwa shida. Basi ni vizuri kujua unanunua nini.

Ndani ya kamera hiyo, nyuma ya lenzi ndogo ambayo mara nyingi ni ya plastiki, kuna kihisi: kipande cha silikoni chenye upana wa milimita nne hivi. Ukubwa wake ni kama punje ya dengu. Juu yake zimepangwa pikseli zote hizo, na kazi ya kila pikseli ni moja tu, kupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Aina ya kihisi kinachotumika leo, CMOS, ilipigishwa hatua kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mhandisi Eric Fossum na wenzake katika maabara ya JPL ya NASA, walipokuwa wakitafuta kamera ndogo, nyepesi na isiyokula umeme mwingi kwa ajili ya vyombo vya anga. Sifa hizohizo ndizo zilizoiwezesha kuingia kwenye simu ya mkononi na kwenye kamera ya mezani kwako.

Pikseli yenyewe haijui rangi. Hujua mwanga ni mwingi au ni mchache, basi. Ili rangi ipatikane, kila pikseli huvikwa kichujio kidogo mno cha rangi moja: nusu ya pikseli zote huvikwa kijani, robo nyekundu, robo bluu. Mpango huo ni wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Kijani kilipewa nusu kwa kuwa jicho la binadamu hutambua vizuri zaidi tofauti za mwanga katika rangi hiyo. Maana yake ni kwamba kila nukta ya uso wako kwenye skrini imepimwa rangi moja, na zile mbili nyingine zimekadiriwa kwa kuwaangalia majirani. Theluthi mbili ya rangi unazoziona ni makadirio. Mwanga ukitosha, makadirio hayo huwa mazuri kiasi kwamba hakuna anayeyagundua. Mwanga ukipungua, mambo huharibika.

Na mwanga wa ndani ya nyumba ni mdogo kuliko tunavyodhani. Nje, kwenye jua la saa sita mchana, kipimo chake hufika laksi 100,000 hivi. Sebuleni usiku, chini ya balbu moja, huenda ukapata laksi 100 au chini ya hapo. Jicho lako hujirekebisha bila kukuambia, ndiyo maana unaona chumba kina mwanga wa kutosha. Kamera haina uwezo huo. Ina njia mbili tu za kujiokoa. Ya kwanza ni kukaa wazi muda mrefu zaidi kwa kila picha: badala ya picha 30 kwa sekunde inapiga 15, ndipo mkono ukiupunga unaacha mkia na midomo haiendani na maneno. Ya pili ni kukuza umeme ule mdogo uliopatikana, na hapo hukuzwa kila kitu pamoja na kelele za kihisi chenyewe. Zile chenga zinazotambaa kwenye picha ya usiku zinatoka huko.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi. Kamera hupima mwanga wa picha nzima na kuirekebisha ili kwa wastani isiwe na giza wala isiwe na weupe wa kupita kiasi. Ukikaa mbele ya ukuta mweupe, au dirisha likiwa mgongoni, kamera huona weupe mwingi na kupunguza mwanga wa picha yote. Ukuta unapendeza, uso unapotea. Mtu anayeingia kwenye usaili akiwa kivuli chenye sauti mara nyingi hudhani kamera yake ni mbovu. Mwambie ageuze kiti ili dirisha liwe mbele yake au ubavuni, kisha atundike kitenge cha rangi iliyokolea ukutani nyuma yake. Kamera itaona giza zaidi, itaongeza mwanga, na uso utatokea. Kwa maoni yangu hakuna ununuzi unaoshinda hilo, na kitenge kipo tayari kabatini.

Tatizo la mistari myeusi inayopanda au kushuka kwenye picha nalo lina sababu yake. Umeme wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Oman una masafa ya Hz 50. Taa za tyubu na balbu nyingi za bei nafuu humeta mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Marekani umeme ni Hz 60, na kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa taa za huko. Kamera ikihesabu mara 120 huku taa yako inahesabu 100, kila safu ya picha inapata kiasi tofauti cha mwanga, na tofauti hiyo ndiyo mistari. Fungua mipangilio ya kamera, tafuta mahali palipo na namba 50 na 60, chagua 50. Ndugu aliyeko Saudi Arabia achague 60, kwani huko umeme wao ni huo. Mchana, kwa mwanga wa dirishani, tatizo hili halipo kabisa.

Turudi kwenye ile 1080p. Video ya ukubwa huo, picha 30 kwa sekunde bila kubanwa, inahitaji kupitisha takriban megabaiti 124 kila sekunde. Waya wa USB 2.0, ambao ndio ulio kwenye kamera nyingi za bei nafuu, kwa nadharia hupitisha 60. Haiingii. Lazima kamera yenyewe iibane picha kabla ya kuituma, na chipu ya kufanya kazi hiyo vizuri ina gharama. Kamera iliyobana matumizi hapo hutoa 1080p kweli, lakini kwa picha tano kwa sekunde. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni ful HD", uliza: picha ngapi kwa sekunde?

Mimi namshauri mtu wa nyumbani achukue 720p ya kweli yenye picha 30 kwa sekunde. Zoom hutaja kwamba mazungumzo ya watu wawili kwa 720p yanahitaji megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Fanya hesabu ya saa moja: ni gigabaiti moja na kidogo ya bando lako. Kwa 1080p matumizi huzidi maradufu, na programu nyingi za mikutano hushusha picha zenyewe mtandao unapolegea. Unakuwa umelipia pikseli ambazo aliye upande wa pili hazioni.

Wanaosimulia mwanzo wa kamera hizi hutaja Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1991, ambako wataalamu wa kompyuta waliielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili wasipande ngazi bure wakakuta limekwisha. Picha yake ilikuwa ya kijivu, pikseli 128 kwa 128. Mwaka 1993 iliunganishwa na wavuti, ikatazamwa na watu wa dunia nzima hadi ilipozimwa Agosti 2001. Kamera ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, QuickCam ya kampuni ya Connectix, ilitoka mwaka 1994 kwa dola 100 hivi, nayo ilitoa picha ya kijivu ya pikseli 320 kwa 240. Hata kamera dhaifu kabisa iliyoko dukani leo inaipita mbali.

Ila usichukue ya zamani sana kwa kuwa ni rahisi. Tangu mwaka 2003 upo mkataba wa kiufundi uitwao UVC, unaoifanya kamera itambulike na Windows, Mac au Linux mara inapochomekwa. Iliyotengenezwa kabla yake hudai programu maalumu ambayo huenda haipatikani tena.

Na kabla hujatoa hata shilingi, tazama simu yako. Kihisi cha simu ya kisasa mara nyingi ni kikubwa na bora kuliko cha kamera ya bei nafuu. Programu kama DroidCam au Iriun huigeuza simu kuwa kamera ya kompyuta kwa waya au kwa Wi-Fi, na baadhi ya simu zenye Android 14 hufanya hivyo kwa waya wa USB bila programu yoyote. Udhaifu wake ni kwamba simu hupata moto, na mtu akikupigia katikati ya kikao utapata shida.

Faida moja ya kamera ya kuchomeka nisingependa uipuuze ni kwamba huchomoleka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kuwa katika baadhi ya kompyuta mpakato za Apple za zamani kamera iliweza kuwashwa bila taa yake ndogo kuwaka. Kamera iliyochomolewa haiwezi kuwashwa na mtu yeyote.

Ukifika dukani, omba ichomekwe kwenye kompyuta. Maduka huwa na taa kali, na kila kamera hupendeza pale, kwa hiyo ielekeze chini ya kaunta kwenye giza kidogo uone chenga zake. Punga mkono mbele yake. Shika risiti au gazeti umbali wa mkono, usome maandishi kwenye skrini. Kama yana ukungu, tazama kama lenzi ina pete ya kuzungusha, na kama haina, iache. Jirekodi ukizungumza, usikilize maikrofoni. Muuzaji akikukataza kujaribu, nenda duka linalofuata.