Kamera ya Nyuma ya Pikapu: Namna ya Kuisaka Hitilafu

Pikapu inayoteremka na ndizi kutoka Kibosho au Uru hadi Njoro, mjini Moshi, aghalabu huwa imejaa hata kioo cha ndani hakimwonyeshi dereva kitu ila mikungu. Anaporudi nyuma ili apakue, hutegemea vioo vya pembeni pamoja na kamera ndogo iliyofungwa kwenye mlango wa bodi. Mtoto aliyesimama karibu na mlango huo haonekani katika vioo. Kwa hiyo kamera ikizimika, jambo hilo si dogo.

Wazo la chombo hiki ni la zamani. Mwaka 1956 kampuni ya Buick ya Marekani ilionyesha gari la majaribio, Centurion, lenye kamera ya televisheni nyuma. Tangu Mei 2018, sheria ya nchi hiyo hulazimu magari mapya madogo yawe nayo.

Kamera hufanyaje kazi? Dereva akitia gia ya rivasi, swichi ya giaboksi hufunga sakiti, na umeme wa betri wa volti 12 huwasha taa za rivasi. Kamera nyingi zinazofungwa na mafundi hupata umeme kwenye waya wa taa hizo. Waya mwingine hupeleka picha kwenye skrini, na waya wa ethi hurudisha mkondo kwenye bodi.

Wengi hukimbilia kununua kamera mpya. Huko ni kubahatisha. Mwanasayansi huigawa njia ya umeme sehemu mbili, kisha huuliza: hitilafu iko upande gani? Zuia magurudumu kwa mawe, vuta breki ya mkono, fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha tia rivasi. Taa zote za rivasi zisipowaka, chunguza fyuzi na swichi ya giaboksi. Zikiwaka, umeme umefika nyuma. Basi chunguza kamera, viungo na nyaya zake. Tazama hasa penye bawaba za mlango, kwani waya hukunjwa kila mlango ufunguliwapo, na shaba hukatika ndani ya ganda lililo zima. Picha ikikatika-katika waya unapotikiswa, umepata dalili.

Sasa chukua voltimita, lakini jihadhari. Ukiichomoa kamera na kupima ncha za waya, waweza kusoma volti 12, nawe ukadhani waya ni mzima. Sivyo. Tuseme kiungo kilicholowa mvua za masika kimeota kutu na kuwa na ukinzani wa omu 40. Kamera ikichomolewa, mkondo karibu haupiti, wala volti hazipotei. Ikirudishwa na kuvuta ampea 0.1, zidisha 0.1 kwa 40: volti 4 hupotea njiani, na kamera hubakiwa na 8 tu. Kwa hiyo pima kamera ikiwa imeunganishwa.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani kwa betri, kinzani, balbu na voltimita. Wanafunzi wapime penye balbu, kwanza ikiwa imetolewa, kisha ikiwa imerudishwa, na waeleze tofauti waionayo.

Hata kamera ikisha kupona, dereva hana budi kushuka na kulizunguka gari kabla ya kurudi nyuma. Lenzi iliyopakwa tope haihitaji hitilafu ya umeme ili imfiche mtoto.