Fahamu: Nani anakagua hesabu ya gesijoto ya Saudi Arabia?

Kiangazi kikifika Manfuha, kusini mwa Riyadh, viyoyozi havipumziki usiku wala mchana. Umeme wa kuviendesha hutokana zaidi na gesi na mafuta. Serikali ndiyo inayohesabu gesijoto zinazotoka zikichomwa. Je, nani anaikagua serikali?

Si wabunge wa kuchaguliwa. Majlisi ya Shura, baraza la ushauri la nchi hiyo, ina wajumbe 150, wote wateule wa mfalme. Hujadili ripoti za mwaka za wizara na kutoa mapendekezo, ila neno la mwisho si lake. Kwa kulinganisha, nchini Kenya, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inamtaka waziri aripoti Bungeni. (Kuripoti ni jambo moja, kubanwa kwa maswali ni jingine.)

Mwaka 2021 Saudi Arabia iliahidi kupunguza na kuepusha tani milioni 278 za gesijoto kwa mwaka ifikapo 2030, na kufikia 2060 isizalishe gesijoto zaidi ya inazofyonza. Chini ya Mkataba wa Paris kuhusu tabianchi, ripoti ya kila nchi hupelekwa Umoja wa Mataifa kila miaka miwili, na wataalamu huipitia. Lakini mafuta yaliyouzwa nje huhesabiwa yanakochomwa: yakiungua Mombasa, yanaandikwa kwenye daftari la Kenya.